Ndege Tuliyoiogesha Njombe

Ninyi wenzangu wa jumuiya mmeniuliza habari hii mmoja mmoja. Mwingine kaniuliza kwa kinyozi, mwingine kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kuna mmoja, simtaji kwa kuwa anajijua, aliyenisubiri nitoke kuungama ndipo aniulize kama ni kweli ndege iligoma kwa sababu yangu. Nimechoka kujibu vipande vipande. Nimeandika yote hapa, someni, mcheke mara moja, kisha tuendelee na kuvuna mahindi.

Mambo ya kutafuta nafasi ya ndege na kujaza karatasi nayaacha, hayana ladha. Naanzia pale nilipokosea, yaani nyumbani kwangu hapa Mahongole, pembeni ya Makambako.

Mahongole, mabasi yakipita mlangoni

Mnamfahamu binti yangu Agata. Wasiomfahamu, ni mtoto wetu wa kike pekee, muuguzi, na ni sista. Jumamosi ile, saa nne asubuhi, alikuwa anaweka nadhiri za daima katika nyumba ya watawa huko Morogoro. Katika ibada hiyo wazazi huitwa kwa majina, husimama na mtoto wao mbele ya watu, na baba hutamka kwamba anamtoa kwa hiari. Mama Mkuu wa watawa hujibu kwamba wamempokea. Basi, ni maneno ya dakika moja.

Dakika hiyo moja ilinishinda miaka mitano iliyopita. Agata alipoweka nadhiri za kwanza sikwenda. Niliwaambia nyote kwamba mgongo unauma, na baadhi yenu mkaniletea dawa ya kuchua, Mungu awalipe. Mgongo ulikuwa mzima. Nilikuwa nimekasirika kwamba binti niliyemsomesha hataniletea mkwe wala mjukuu, na sikutaka kusimama mbele ya watu kusema nimekubali jambo ambalo sikulikubali.

Safari hii alinipigia simu mwenyewe. "Baba, njoo," akasema. "Nikiona kiti chako kitupu tena nitakuwa nimepata jibu, na sitakuuliza tena." Nikamwambia nitakuja. Na nilikuwa na nia ya kwenda, hilo naomba mliamini.

Mama Agata, mwenye akili katika nyumba yetu, alipanda basi Alhamisi asubuhi. Mimi nilibaki kwa sababu shemeji yangu Lukelo, kaka yake huyo huyo mama, alikuwa amenipatia kiti cha ndege. Lukelo ni dalali wa parachichi. Mnunuzi mmoja mkubwa anayetafutiwa mzigo na Lukelo, ambaye watu wote humwita Bosi, alikuwa amekodi ndege ndogo ya kumzungusha mashambani, na Jumamosi alfajiri alikuwa anaruka kutoka Njombe kwenda Morogoro na makreti yake ya sampuli. Kiti kimoja kilikuwa wazi.

"Baba Agata," mke wangu aliniuliza akiwa ameshika begi lake, "mabasi yanapita hapa mlangoni. Wewe unarudi Njombe, kilomita sitini nyuma, ili uje upite juu ya nyumba yako mwenyewe?"

Nikamjibu kwamba ndege ni mwendo wa saa mbili kasoro na basi ni kutwa nzima. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Nimefundisha sayansi na hesabu miaka thelathini na nne, sijawahi kukosea kwenye karatasi. Kisha nikaja kwenye jumuiya, mtakumbuka, nikawaambia Jumamosi saa moja mtoke nje mtazame juu, nitawapungia. Najua mlitoka. Nimesikia pia kwamba mlimpungia mwewe.

Makambako hadi Njombe, kwa pikapu ya shemeji

Tuliondoka Makambako Ijumaa adhuhuri. Ni safari ya saa moja, lami tupu. Tulitumia saa nne na nusu.

Lukelo hawezi kuupita mparachichi bila kuusalimia. Kila penye mti wenye matunda alisimamisha gari, akashuka, akasema "Kamwene" kwa mwenye shamba, akauliza habari za mama, za ng'ombe, za bomba la maji, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka njiani, akauliza habari za parachichi. Kwenye nyumba moja tulikaribishwa viazi vya kuchemsha na chumvi yenye pilipili, tukala tukiwa tumesimama. Nyumba ya pili tukakaribishwa viazi vile vile. Ya tatu nikabaki ndani ya gari nikajifanya nimelala, wakaniletea humo humo.

Nami nilikuwa na gunia langu dogo la viazi, zawadi kwa masista. Watu wa Morogoro wanasifu sana viazi vyetu, kwa kuwa vya kwao ni vya kuulizia.

Tukafika Njombe jua likiwa limepoa na baridi imeanza kuuma masikio. Ilikuwa mwishoni mwa Juni, mnaijua baridi yake. Lukelo akanipeleka kwenye nyumba ya wageni wanakochoma kitimoto, nikakaa meza moja na binti mfupi mwenye sweta la kahawia aliyekuwa anakunywa supu peke yake. Nikamwambia, "Binti, niletee na mimi supu, na ndizi mbili." Akanitazama kidogo, akainuka, akaenda jikoni, akarudi na supu yangu na ndizi mbili. Kisha akakaa kumalizia supu yake ambayo sasa ilikuwa imepoa.

Nilimshukuru, nikamwambia kazi yake ni nzuri ila aongeze tabasamu.

Mwenye nyumba alipopita, yule binti alimuuliza kama usiku utakuwa na mawingu. "Mawingu ya wapi?" akajibu yule bwana. "Mbingu imekuwa nyeupe toka mchana. Kesho viazi vya watu vinaungua kwa baridi." Binti akasukuma bakuli lake kando, akasema usiku mwema. Nilimwona tena asubuhi, amebeba ufunguo wa ndege.

Uwanja wa ndege, saa kumi na mbili na nusu

Kwenye vitabu nilivyofundishia, ule weupe wa asubuhi unaitwa sakitu. Sisi tunasema barafu imeanguka, inatosha. Asubuhi ile ilikuwa imeanguka kila mahali: kwenye nyasi, kwenye seng'enge, kwenye kofia ya mlinzi, na juu ya ndege yetu kuanzia pua hadi mkia. Mabawa yalikuwa na unga mweupe mwembamba. Niliona ni pambo zuri.

Tulikuwa watu watano pale. Rubani, jina lake Neema. Bosi, amevaa koti refu na miwani ya jua ingawa jua lenyewe halijatoka. Mzee Mgaya, mlinzi ambaye Bosi alimweka alale na ndege, naye kazi yake ya siku zote ni kulima viazi kule bondeni. Lukelo, na mimi.

Kwanza tulipimwa. Neema alitupandisha mmoja mmoja kwenye mizani ya parachichi, Bosi akagoma kuvua koti, akaandikwa na koti lake. Gunia langu la viazi likazidi. "Hili linabaki, Baba," rubani akasema. Nikampa Mzee Mgaya, mtu mwenye shamba zima la viazi, naye akalipokea kwa adabu.

Halafu Neema akapitisha kiganja juu ya bawa, akakitazama, akasema haturuki.

"Kwa nini?" Bosi akauliza.

"Barafu."

"Huo ni umande tu. Ukikimbia, upepo utaufuta."

"Haufutiki, umeshika," akasema. "Bawa linabeba kwa sababu hewa inateleza juu yake vizuri. Hapa sasa ni kama limebandikwa msasa. Tutakimbia mpaka mwisho wa uwanja, pengine tutainuka kidogo, halafu tutashuka kwenye paa la mtu."

Bosi akasema kwamba yeye ndiye aliyekodi ndege. Neema akamwambia vifuniko vya mabawa vilikuwepo, vimebaki Dar kwa sababu mkodi huyo huyo alitaka nafasi ya makreti. Bosi akasema yeye ana mkutano. Neema hakubishana. Alitoa ufunguo mfukoni, akamshikisha. "Ruka, Bosi," akasema. "Mimi nitapungia."

Bosi aliushika ufunguo, akaitazama ndege, akautazama ufunguo, akamrudishia. Kisha akaingia kwenye pikapu kwa Lukelo kuota joto.

"Nipeni nusu saa," Neema akatuambia. "Naenda kuazima mablanketi makavu pale nyumba ya wageni, tutasugua mpaka bati litoe mng'aro. Msiguse kitu." Akaingia kwenye pikapu, wakaondoka wote watatu.

Nusu saa. Tungeruka saa mbili kasoro robo, ningefika kabla kengele ya Misa haijalia. Nazirudia hesabu hizi kila nikikaa peke yangu. Lakini pale nilichokuwa nakiona ni saa inakwenda na kiti changu kitupu kule Morogoro. Nilianza kuzunguka ndege. Mzee Mgaya naye akazunguka nyuma yangu.

"Mwalimu," akasema, "sisi viazini barafu haitusumbui. Kabla jua halijagonga majani, unamwagia maji. Inaondoka yote, majani yanabaki mabichi. Nimefanya hivyo toka nikiwa mdogo."

Mnajua ninyi wenye viazi kwamba anasema kweli. Nami, badala ya kukumbuka kwamba ndege si kiazi, nikaongeza elimu. Nikamwambia maji ya kawaida yatachelewa, tutumie ya moto, maana barafu na maji ya moto ni somo la darasa la nne. Pembeni ya uwanja kulikuwa na mama anauza chai. Nikamwomba sufuria lake kubwa lililokuwa likichemka, akatoa, akatuongezea na jagi. Mgaya akaleta ndoo.

Tukaiogesha ndege. Nasema kweli, ilikuwa raha. Mvuke ulipanda, weupe ukakimbia mbele ya maji, bati likabaki linang'aa. Tulimwagia mabawa yote mawili, tukamwagia mkia, na mama wa chai akasema imependeza kuliko ilivyokuja. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikaweka mikono kiunoni, nikajiona nimeokoa siku.

Pikapu ikarudi. Neema akashuka na mablanketi manne kifuani, akatembea hadi kwenye bawa, akapitisha kiganja. Kiganja kikateleza. Akagonga kwa kucha, pakalia kama glasi. Akashika kile kibawa cha nyuma kinachogeuza ndege, akakisukuma juu. Hakikusogea.

"Nani kamwaga maji?" akauliza.

Mama wa chai akakumbuka ana maandazi motoni. Mzee Mgaya akaanza kuzihesabu nguzo za seng'enge. Mimi nikasema, na hapa naona aibu hadi leo, "Huku kwetu ndivyo wanavyofanya viazini."

"Wanavyofanya," akarudia. Hakupaza sauti. "Bati hili limelala kwenye baridi usiku kucha, Baba. Maji yakilifikia yanapoa, halafu yanaganda upya, na sasa yameganda laini, huyaoni. Mengine yameingia kwenye bawaba. Hata nikisugua juu pakawa safi, yaliyobaki ndani yataganda huko angani, nami nitakuwa nimeshika usukani usiogeuza chochote. Sasa tunasubiri jua, na likishayeyusha tunakausha kila tundu. Hiyo si nusu saa tena."

Nikauliza basi itachukua saa ngapi. Akanipa blanketi.

Tulisugua, mimi na Mgaya, bega kwa bega. Jua lilitoka bila haraka yoyote. Barafu ilipoanza kulegea tukawa tunafuta maji ya baridi, tunakamua, tunafuta tena, na kwenye bawaba blanketi halikuingia, tukaingiza vidole vilivyofungwa vitambaa. Viganja vya Mgaya vimezoea jembe. Vyangu vimezoea chaki, tena siku hizi hata hiyo sishiki. Kufikia saa tatu vilikuwa vyekundu na vifundo vya vidole vimepasuka. Saa nne kamili nilisimama nikatazama upande wa kaskazini, huko Misa ilipokuwa inaanza, nikarudi kusugua. Bosi alikuwa ndani ya gari anakula parachichi za sampuli.

Saa tano Mama Agata alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Uko wapi?" Nilizima simu.

Angani

Tuliruka saa sita kasoro robo. Neema alizunguka ndege mara tatu, akageuza kila kinachogeuka, akagusa kila mahali kwa kiganja, na mara ya tatu nilitamani kumbusu mkono.

Niliwaahidi habari za angani, basi ni hizi. Makambako inaonekana kama mabati yaliyomwagika kando ya barabara. Niliiona nyumba yangu, nadhani, na nje hapakuwa na mtu. Kwenye ile barabara kuu niliyaona mabasi, madogo madogo, yanakwenda Morogoro bila kuogeshwa na mtu yeyote.

Nilikuwa nimekaa kando ya rubani. Nikamwomba radhi kwa maji. Kisha nikamwomba radhi kwa supu.

"Supu haikuniudhi," akasema. "Ila kwa lile tabasamu uliniongezea kazi." Baada ya kitambo akaniuliza ninawahi nini kiasi kile, nikamweleza habari za Agata na kile kiti. Alinitazama viganja, akaongeza joto ndani ya ndege.

Morogoro

Nilifika kwenye nyumba ya watawa saa nane kasoro. Misa ilikuwa imekwisha, watu wako chini ya maturubai wanakula pilau, joto limewashinda, wanajipepea kwa vitabu vya nyimbo za ibada. Nami nimeingia na koti la sufu.

Mama Agata alinisogezea kiti bila kunitazama. Ndipo nikasikia yaliyotokea. Waliitwa wazazi, akasimama peke yake. Msoma majina akalisoma jina langu mara ya pili, pengine nimekwenda msalani. Mjomba mmoja akajitolea kusimama badala yangu, Agata akakataa, akasema kiti cha Baba kibaki kama kilivyo. Maneno ya kumtoa hayakusemwa na mtu. Padri aliendelea.

Agata akaja, na pete mpya kidoleni. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgongo?"

"Hapana," nikasema. "Barafu."

Watu wa meza ile waliacha kujipepea. Nadhani hakuna neno la kipuuzi zaidi ambalo mtu angeweza kulitamka Morogoro saa nane mchana.

"Mara ya kwanza mgongo," akasema polepole, "mara hii barafu." Alikuwa hana hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo. Alikuwa anageuka kuondoka.

Nikaanza kumweleza kwamba kule uwanjani kulikuwa na mlinzi, mkulima wa viazi, akamwaga maji. Nikaishia hapo, maana niliisikia sauti yangu mwenyewe. Ndivyo nilivyousingizia mgongo. "Ni mimi," nikasema. "Rubani alituambia tusiguse. Niliona nachelewa kwako, nikamwaga maji ya moto, yakaganda. Ningekaa tu nikasubiri ningefika."

Nilikuwa nimekunja mikono mapajani. Agata aliiona kwa jicho la muuguzi kabla hajaiona kwa jicho la mtoto. Akaigeuza, akatazama vifundo, akavibonyeza, akaninusa vidole vyenye harufu ya mafuta ya ndege.

"Hii ni baridi," akasema. "Baba, hii kweli ni baridi." Kisha akanishika kiwiko kama mgonjwa, akanipeleka jikoni.

Humo ndani alikuwamo sista mmoja mzee sana, peke yake, anasugua sufuria la pilau lenye upana wa meza. Agata akaniosha viganja, akanipaka mafuta, akavifunga vitambaa vyeupe kimoja kimoja. Alipomaliza hakuniachia.

"Sema sasa," akaniambia. "Yale uliyokuja kusema."

Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, mistari sita, nimeyakariri wiki tatu. Karatasi ilikuwa mfukoni na mikono yangu haikuweza kuitoa. Nikasema yaliyokuja. "Huyu ni mtoto wangu. Nilimkatalia miaka mitano, na nilikosea. Leo namtoa kwa moyo wangu. Mchukueni."

Yule sista mzee alitazama nyuma yake kuona kama ninasema na mtu mwingine. Hapakuwa na mtu. Akaweka chini kile cha kusugulia, akafuta mikono kwenye aproni, akasimama wima.

"Tumempokea, Baba," akasema.

Kisha akaniambia, kwa kuwa nimeshasimama, nishike sufuria upande wa pili, tukamwage yale maji.